Nyumba ya Bakteria: Kuchagua Vijazio vya Chujio la Tangi la Samaki



Nimeombwa nizungumzie vijazio vya chujio, yaani zile sponji, pete za kauri, mawe na vipande vya plastiki ambavyo mfugaji hujaza ndani ya chujio la tangi lake la samaki wa mapambo. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana sijui jambo jingine katika ufugaji wa nyumbani linalowapotezea watu fedha na samaki kama hili. Mtu ananunua tangi zuri, taa nzuri na samaki wa rangi za kupendeza. Wiki mbili hazijapita, samaki wanahema juu ya maji. Wiki ya tatu wanaopolewa kwa wavu. Anaambiwa ni ugonjwa, anauziwa dawa. Mara nyingi hapakuwa na ugonjwa wowote. Ni sumu iliyotoka kwa samaki wenyewe, na ndani ya tangi hapakuwa na kiumbe wa kuiondoa.

Rai yangu ni moja, na nitaitaja sasa hivi ili msiingoje: kijazio kichaguliwe kwa jinsi kinavyopitisha maji na oksijeni, na kwa jinsi mwenye tangi atakavyoweza kukisafisha. Ukubwa wa eneo ulioandikwa kwenye boksi uje baadaye, au usije kabisa. Kwetu sisi tunaoishi kwenye joto, na umeme ukikatika bila taarifa, rai hiyo ina uzito zaidi.

Tuanze na samaki mwenyewe. Chakula chake kina protini nyingi, na protini ina nitrojeni. Mwili ukishachukua unachokihitaji, nitrojeni iliyobaki hutolewa kama amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo hutoka kwenye mashavu yake anapopumua. Kwa hiyo hata samaki asiyeonekana kuchafua chochote anachafua maji kila dakika. Chakula kilichobaki chini na kinyesi kikioza huongeza amonia nyingine.

Ziwani hilo si tatizo. Nitachukua mfano mmoja na kukaa nao: samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wa jamii ya sikilidi, ndugu wa perege, sato na furu. Ni samaki wetu, wanatoka Kigoma na Rukwa, Uvira na Kalemie, Bujumbura na Rumonge, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiwatafuta kwa miongo mingi. Mmoja wao, Neolamprologus brichardi, ana jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa ziwa hilo kutoka Burundi. Ziwa lenyewe lina kina cha mita zipatazo 1,470 na maji yapatayo kilomita za ujazo 18,900. Amonia anayoitoa samaki mmoja humo hupotea papo hapo. Sasa mchukue samaki yuleyule, mweke na wenzake kumi na wawili ndani ya lita 200. Maji anayoyapumua ndiyo hayohayo anayoyatilia sumu.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Amonia majini ina sura mbili. Moja ni amonia yenyewe, sumu kali inayopenya mashavu kwa urahisi. Nyingine ni amonia iliyochukua chembe ya haidrojeni, nayo ina madhara madogo zaidi. Mgawanyo wake hutegemea kiwango cha pH na joto. Maji yakiwa na nyuzi 25 na pH ya 7, sehemu yenye sumu kali haifiki hata asilimia 1. pH ikipanda hadi 8, inakuwa asilimia 5 hivi. Ikifika 9, inakuwa asilimia 36. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9, na mfugaji mwenye bidii hujitahidi kuyafanya maji ya tangi yafanane na ya ziwa. Bila kujua, amefanya kila chembe ya amonia kuwa hatari mara nyingi kuliko kwenye tangi la jirani yake.

Tupige hesabu. Wataalamu wa ufugaji wa samaki hukadiria nitrojeni ya amonia kwa kuzidisha uzito wa chakula kwa kiwango cha protini, kisha kwa 0.092. Samaki wetu wakila gramu 4 kwa siku za chakula chenye protini asilimia 40, tunapata gramu 0.147, yaani miligramu 147. Zigawanye kwa lita 200: miligramu 0.74 kwa kila lita, kwa siku moja tu. Kwenye pH ya 9, sehemu yenye sumu kali ni miligramu 0.26 hivi kwa lita. Wafugaji makini huanza kuhofu sehemu hiyo inapofika miligramu 0.02. Siku moja bila chujio lililo hai imevuka mpaka huo mara kumi na zaidi. Hesabu hii ndiyo inayonifanya nisilichukulie suala la vijazio kama suala la mapambo.

Nani basi anaiondoa amonia? Mwaka 1877, Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walipitisha maji taka polepole kwenye bomba lililojaa mchanga na chokaa. Siku za mwanzo amonia iliingia na kutoka vilevile. Baada ya wiki kama tatu, amonia ikaanza kutoweka na mahali pake ikatoka nitrati. Wakatia klorofomu, dawa inayozimisha viumbe hai; kazi ikasimama. Wakatia maji yaliyosuuzia udongo wa kawaida. Kazi ikaanza upya. Hapo ikathibitika kwamba mchanga ule ulikuwa makao tu, na kwamba mfanyakazi alikuwa kiumbe hai. Tazameni vizuri jaribio lile: bomba, kijazio, maji yanayopita, na wiki tatu za kungoja. Ndilo chujio la tangi la samaki, miaka mingi kabla halijawekwa kwenye maboksi.

Kuna baba na mwana ambao historia hii haiwezi kuwaacha. Robert Warington, mkemia wa London, alieleza mwaka 1850 jinsi alivyoweka pamoja samaki wa dhahabu, majani ya majini na konokono ndani ya chombo kimoja, wakaishi bila kubadilishiwa maji kila mara. Mwanawe, aliyeitwa pia Robert Warington, alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, naye akaonyesha kwamba kazi ile ya Schloesing na Müntz hufanyika kwa hatua mbili: amonia huwa nitriti kwanza, kisha nitriti huwa nitrati. Baba alipata tangi linaloishi, na mtoto akaeleza sehemu kubwa ya sababu. Kuwatenga viumbe wenyewe kulimshinda. Kazi hiyo aliikamilisha Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa Zurich, karibu na mwaka 1890.

Vitabu vingi vya shule bado hutaja majina mawili tu, Nitrosomonas kwa hatua ya kwanza na Nitrobacter kwa hatua ya pili. Elimu imesonga mbele. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi anayefanya hatua ya pili ni Nitrospira. Mwaka 2005 kikundi cha Martin Könneke kilitangaza kiumbe wa kundi la arkea, aliyetolewa kwenye kokoto za tangi la maji ya bahari huko Seattle, anayeishi kwa kuila amonia; wala si bakteria. Mwaka 2011 Laura Sauder na wenzake wa Kanada wakakuta arkea wa namna hiyo ndio wengi kwenye machujio mengi ya matangi ya maji baridi waliyoyapima. Na mwaka 2015 vikundi viwili vya watafiti vikatangaza Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Kimoja kiliwapata kwenye chujio la mradi wa kufuga samaki. Nawataja hawa kwa sababu moja ya vitendo. Kampuni inayokuuzia chupa ya Nitrobacter, au kijazio “kilichotengenezwa kwa ajili ya Nitrobacter”, inakuuzia elimu ya zamani. Mimi nitaendelea kusema bakteria kwa ufupi, mkijua wamo na arkea.

Viumbe hao wote wana tabia tatu zinazopaswa kutuongoza dukani. Wanajibandika kwenye kitu kigumu na kujijengea utando. Wale wanaoelea majini ni wachache. Wanazaana polepole sana: wakati bakteria wa maziwa yanayoganda huongezeka maradufu kwa chini ya saa moja au mbili, hawa huhitaji nusu siku, siku nzima au zaidi. Na wanatumia oksijeni kwa wingi wa kushangaza. Kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa kuwa nitrati inakula gramu 4.57 za oksijeni. Kwa tangi letu la mfano ni gramu 0.67 kila siku, kabla hatujahesabu pumzi ya samaki wenyewe. Na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja ikijaa ina miligramu 9 hivi; kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la tangi la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ni miligramu 7.5.

Sasa tunaweza kulisoma boksi la dukani kwa macho mengine. Limeandikwa kwamba lita moja ya kijazio hiki ina mita za mraba mamia kadhaa. Inawezekana ni kweli, kwa kipimo fulani. Kioo kilichosagwa na kuchomwa mpaka chembe zake zikashikana kina vinyweleo vidogo mno, na ukihesabu kuta za kila kinyweleo unapata eneo kubwa sana. Lakini bakteria mmoja ana upana wa karibu elfu moja ya milimita. Vinyweleo vingi ni vidogo kuliko yeye. Vile vinavyomtosha huzibwa na utando wake mwenyewe baada ya wiki chache. Na hata penye nafasi, oksijeni hupenya kwenye utando kiasi cha sehemu moja au mbili za kumi za milimita tu, ikiisha njiani kwa sababu walio nje wanaitumia kwanza. Ni sawa na jumba la vyumba elfu moja lisilo na ujia: wapangaji watakaa barazani, na kodi umelipia vyumba vyote.

Eneo linalohitajika ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Wanaosanifu machujio ya mabwawa ya kufugia samaki hutegemea mita moja ya mraba iondoe sehemu chache za kumi za gramu ya nitrojeni ya amonia kwa siku, amonia ikiwa ya kutosha majini. Sisi tunataka amonia iwe karibu na sifuri, na bakteria wakiwa na njaa hufanya kazi kidogo, basi tukadirie kwa tahadhari gramu 0.05 tu. Gramu zetu 0.147 zinahitaji mita 3 za mraba. Sponji nzuri ya matundu 20 hadi 30 kwa inchi ina takriban mita moja ya mraba au zaidi kwa lita. Kwa hiyo lita 3 za sponji zinatosha tangi la lita 200 lenye samaki wengi kiasi. Na hapo hatujahesabu vioo vya tangi, mawe na tabaka la juu la mchanga, ambavyo vyote vina utando wake.

Mchanga unatupa ushahidi mwingine. Lita moja ya mchanga wa chembe za milimita 1 ina uso wa mita za mraba 3.6 hivi, zaidi ya sponji. Kama eneo ndilo lingekuwa kila kitu, tungejaza mchanga ndani ya chujio tukalala. Hatufanyi hivyo kwa kuwa maji hayapiti; mchanga huziba, maji hutafuta njia moja ya kupenya, na sehemu yote iliyobaki hukosa hewa. Eneo lisilofikiwa na maji yenye oksijeni halina kazi.

Nikifika hapa huwa naulizwa: basi tununue nini? Mimi naanza na sponji, na kwa wengi wenu naishia hapo. Iwe sponji ya vinyweleo vilivyo wazi, ya kutengenezea machujio. Ya godoro haifai: mara nyingi vinyweleo vyake ni vidogo au vimefungwa kwa ngozi nyembamba, na huenda ina dawa usizozijua. Njia rahisi ya kuipima ni kuiweka mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita bila kukazana, na maji yatapita. Sponji inashika uchafu na kuwapa bakteria makao kwa wakati mmoja, inakamuliwa kwa mkono, na inadumu miaka. Hasara yake ni kwamba huziba mapema kuliko mawe, na mvivu wa kuikamua atalaumu sponji.

Mawe ya volkano ni hazina ambayo tunaikanyaga. Arusha na kando ya Meru, miteremko ya Rungwe, Naivasha, na Goma, ambako volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto mjini mwaka 2002 na watu wakajenga tena juu ya mawe yake, kote huko kuna mawe mepesi yenye matundu yasiyo na idadi. Pondeni vipande vya sentimita 1 hadi 2, vioshwe mpaka maji yatoke meupe, vichemshwe. Pumisi, lile jiwe la kusugulia visigino, huelea mwanzoni. Iloweke siku kadhaa mpaka izame. Kabla ya kutumia jiwe lolote la kuokota, lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa, nalo litabadilisha maji. Matundu ya mawe haya ni makubwa na hayafanani, na hicho ndicho nikipendacho: maji yanapita hata jiwe likishika matope. Sioni sababu ya mtu wa Mbeya kuagiza pete za kauri kutoka ng'ambo. Pete zenyewe si mbaya, zinafanya kazi. Ila hazilishindi jiwe kwa kiasi cha bei yake.

Kioo chenye vinyweleo nacho ni kizuri, mradi kikae nyuma ya sponji inayokikinga na uchafu, na mradi mnunuzi asidhani lita moja itafanya kazi ya mia. Wengine hukisifia kwamba ndani yake pasipo na oksijeni nitrati hugeuka gesi. Hilo linaweza kutokea kidogo. Kubadilisha sehemu ya maji kila wiki kunafanya zaidi.

Ndugu zangu wa Pwani wana mawe ya matumbawe, yale yanayojengewa nyumba tangu enzi za mababu. Kwa samaki wa Tanganyika vipande vyake vinasaidia kwa sababu ambayo wengi hawaijui. Bakteria wanapogeuza amonia wanatumia pia ukali wa chokaa ulio majini, gramu 7 hivi za kalsiamu kabonati kwa kila gramu ya nitrojeni. Tangi letu linapoteza gramu 1 kila siku. Maji laini, kama ya mvua, huishiwa, pH huanguka, na bakteria hulegea hadi kazi inakaribia kusimama. Jiwe la matumbawe huyeyuka maji yanapoelekea kwenye uchachu na kuzuia anguko hilo. Lakini halitawafikisha kwenye 9 ya ziwani. Nguvu yake huishia kwenye 8 hivi. Na kwa samaki wa maji laini, kama wengi wa mito ya Amazon, liacheni kabisa. Tumieni yale ya zamani yaliyokwisha kuwa jiwe la nchi kavu. Tumbawe lililo hai libaki baharini kwa samaki wake.

Kuna vile vigurudumu vidogo vya plastiki vilivyotoka Norwei, kwenye kazi ya Hallvard Ødegaard na wenzake wa Trondheim ya kusafisha maji taka, mwishoni mwa miaka ya 1980. Huwekwa chumbani pamoja na hewa nyingi, vikizunguka na kugongana bila kukoma. Kugongana huko huparua utando wa nje na kuacha ule wenye afya ndani. Mita ya ujazo ya aina iliyozoeleka ina mita za mraba 500 zilizokingwa, yaani nusu mita kwa lita. Tazameni udogo wa namba hiyo ukilinganisha na maboksi tuliyoyasema, na bado miji inasafishia maji yake kwa teknolojia hii. Namba ndogo, oksijeni nyingi. Kwa mwenye mabwawa ya kambale au sato ningevipendekeza bila kusita. Kwa tangi la sebuleni vina kelele na vinahitaji pampu kubwa ya hewa.

Kuna ndugu aliyeniuliza mlangoni kuhusu dodoki. Lina matundu mazuri, lakini ni mmea, litaoza na kuongeza amonia ileile tunayoiondoa. Na mkaa wa jikoni? Huvunjika na kuchafua maji, na hauna uwezo wa ule mkaa ulioamshwa kiwandani. Huo wa kiwandani nao hunyonya rangi na mabaki ya dawa, kisha hujaa. Hauna haja ya kukaa ndani ya chujio siku zote.

Sasa umeme, ambao vitabu vya Ulaya huugusia kwa mstari mmoja. Chujio la mtungi lililofungwa, lililojaa vijazio vya bei kubwa, lina maji labda lita 8. Humo mna oksijeni miligramu 60 tu. Pampu ikisimama, hakuna maji mapya yanayoingia, na bakteria wanaokula matope yaliyokusanyika humo huimaliza oksijeni kwa saa chache. Kadiri mtungi ulivyo mchafu ndivyo inavyoisha haraka. Baada ya hapo wafanyakazi wetu wanaanza kudhoofika na kufa, na wanaostawi ni wale wasiohitaji hewa, wanaotoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Umeme ukirudi usiku wa manane, pampu husukuma maji hayo yote ndani ya tangi, na asubuhi mwenye nyumba anakuta samaki wamelala ubavu. Kama umeme umekatika kwa saa nyingi, ufungue mtungi kwanza, umwage maji yake, usuuze vijazio kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Sponji inayoendeshwa kwa pampu ya hewa, iliyomo ndani ya tangi lenyewe, haina kaburi la namna hiyo. Hewa ikisimama, uso wake bado unaguswa na maji ya tangi zima. Na pampu ndogo ya hewa hutumia wati 3 hadi 5 tu. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu yake pekee, pampu ya wati 5 itaenda saa nane. Pampu ile ile inawapa samaki hewa na bakteria hewa. Ndiyo maana nasema kwamba kwa mazingira yetu sponji mbili zenye pampu ya hewa na betri pembeni ni chujio bora kuliko mtungi wa bei mara kumi usio na betri. Mwenye uwezo wa kuwa na vyote viwili na awe navyo, sponji ikiwa mlinzi wa zamu.

Kuhusu usafi nitasema machache, ingawa hapa ndipo kazi ya miezi huharibiwa kwa dakika tano. Maji ya bomba yana klorini, iliyotiwa makusudi iue vijidudu, nayo haichagui. Ukiosha kijazio kwa maji ya bomba yanayotiririka, unaua wengi wa wale uliowangoja. Kioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Suuza mpaka matope yatoke, usitafute weupe. Kama una sponji mbili, osha moja wiki hii na nyingine wiki mbili baadaye. Na ukitaka kubadilisha aina ya kijazio, weka kipya kando ya cha zamani kwa wiki sita ndipo uondoe cha zamani.

Na chujio jipya? Halina bakteria hata kama limegharimu fedha nyingi. Kwenye joto letu huchukua wiki nne hadi sita kukomaa, nalo lilishwe amonia kidogo kidogo kabla samaki hawajaingia. Pimeni amonia, pimeni nitriti. Kwanza amonia hupanda na kushuka, kisha nitriti hupanda na kukaa kwa muda unaochosha, kisha nayo hushuka. Nitriti huingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ya kahawia, isiyoweza kubeba oksijeni. Chumvi kidogo ya kawaida hupunguza kupenya kwake, lakini dawa yake ni subira. Zote mbili zikisoma sifuri siku baada ya siku, ukiwa bado unalilisha chujio, leteni samaki, wachache wachache.

Ipo njia ya kufupisha wiki hizo, na kwa hiyo ninalo ombi kwa wauzaji na wafugaji wa muda mrefu waliomo ukumbini. Kila mmoja wenu awe na sponji tatu au nne za ziada zinazofanya kazi ndani ya matangi yake yenye samaki wazima. Mteja mpya anapokuja, mpeni sponji moja iliyokomaa ikiwa imelowa kwenye mfuko wa maji, aifikishe nyumbani saa ileile, naye asiwape samaki wake chakula kingi kuliko sponji hiyo inavyoweza kubeba. Muuzieni kwa bei ya haki kama mnavyomuuzia samaki. Sponji hiyo itamfaa kuliko chupa ya dawa, na samaki mliomuuzia watakuwa hai atakaporudi.